Kikohozi cha Machimboni Si TB Peke Yake

Mchimbaji wa Ishokelahela, wilayani Misungwi, akianza kukohoa mfululizo, wenzake humpa jina la ugonjwa kabla hajafika zahanati: TB. Mara nyingi hawakosei. Lakini wapo ambao makohozi yao hupimwa, mdudu asionekane, yakapimwa tena, na bado mtu hawezi kupanda mwinuko mdogo bila kusimama njiani. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, swali lenye thamani kuliko kipimo chochote ni hili: amefanya kazi gani, na kwa miaka mingapi?

Dhahabu ya kusini mwa Ziwa Victoria, kuanzia Misungwi hadi Geita, kwa sehemu kubwa imo ndani ya mishipa ya kwatzi, jiwe jeupe ambalo ni silika tupu. Kuipata ni kulivunja jiwe hilo tena na tena: tindo, drili na baruti ndani ya duara (shimo la kuchimbia), kisha nyundo na karasha (mashine ya kuponda mawe) huko juu. Vumbi linalotanda kwenye nyusi halina madhara makubwa, kwa kuwa chembe kubwa hunaswa puani na kooni. La hatari ni lile lisiloonekana, lenye chembe zisizofika maikroni 10, wakati unywele mmoja wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Hizo hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa.

Huko, seli za ulinzi huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, hufa, na kuacha kemikali zinazozaa kovu. Seli nyingine huja, nazo hufa vivyo hivyo. Ugonjwa huo ni silikosisi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, ila vumbi likiwa zito mno huweza kuja katika miaka michache, hata miezi. Hauna dawa ya kuuponya, na kovu huweza kuendelea kutanuka hata kama mtu ameshaacha uchimbaji.

Uzito wa vumbi hilo umepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu machimbo madogo ya dhahabu nchini Tanzania ulikuta wachorongaji miamba chini ya ardhi wakivuta wastani wa miligramu 16.85 za silika katika kila mita ya ujazo ya hewa. Hiyo ni mara 337 ya kiwango cha 0.05 kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini. Waliokuwa juu ya ardhi, wenye kujiona wamenusurika, walikuwa mara 4 ya kiwango hicho.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba TB na silikosisi huandamana. Pafu lililoharibiwa na silika hushindwa kupambana na vijidudu, kwa hiyo mchimbaji anaweza kupona TB kweli, kikohozi kikabaki, akaanzishiwa dozi nyingine asiyoihitaji. Au akawa na magonjwa yote mawili, likatibiwa moja tu. Dalili za silikosisi hazina kishindo: pumzi fupi wakati wa kazi nzito, kikohozi kikavu au chenye makohozi, uchovu, baadaye kupungua uzito na midomo kuwa na rangi ya samawati. Homa za usiku na damu kwenye makohozi humaanisha TB au saratani itafutwe haraka. Silika yenyewe ilitangazwa kuwa chanzo cha saratani ya mapafu mwaka 1997. Picha ya eksirei, ikisomwa pamoja na historia ya kazi, hufumbua mengi.

Asbesto ni ndugu wa karibu katika uovu huu, ingawa nyuzi zake hukawia zaidi, mara nyingi miaka 20 hadi 40. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini walieleza wagonjwa 33 wa saratani adimu ya utando wa mapafu, karibu wote wakiwa na uhusiano na migodi ya asbesto ya Cape. Baadhi hawakuwahi kuajiriwa mgodini. Waliishi jirani tu. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006. Mapaa yake ya kijivu yangalipo kwenye majengo makongwe ya Afrika Mashariki, na fundi anayeyakata kwa msumeno bila kuyalowesha anajipulizia nyuzi hizo usoni. Maumivu ya kifua yasiyokoma, maji kujaa kifuani na ncha za vidole kuvimba ni sababu tosha ya kumwona daktari.

Kinga ya kwanza ni maji: kulowesha jiwe kabla ya kulichimba na kulisaga. Kitambaa kilichofungwa usoni huzuia vumbi kubwa tu. Nguo za kazi zibaki kazini, maana anayezikung'uta nyumbani naye huvuta.

Fidia ni habari nyingine. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliridhia makubaliano ya randi bilioni 5 kwa wachimbaji wa dhahabu wenye silikosisi na TB, na kumbukumbu za ajira zilikuwa nguzo ya madai. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, lakini umewekwa kwa ajili ya walioajiriwa. Mchimbaji anayelipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe hana mkataba wala hati ya mshahara. Daktari akiandika kwenye faili lake jina la machimbo, aina ya kazi na miaka aliyoifanya, angalau kunakuwa na karatasi ya kuanzia.