Saratani ya Tumbo: Kipimo Hutangulia Dawa

Tukisikia mtu ana saratani ya tumbo, wengi wetu hukata tamaa. Lakini saratani za tumbo si ugonjwa mmoja, na kila aina ina tiba yake.

Tutazame uvimbe uitwao GIST, ambao huota katika ukuta wa tumbo au utumbo. Zamani, uliposhindikana kwa upasuaji, dawa za saratani hazikuufaa sana. Mwaka 1998 wataalamu wa Japani waligundua kwamba katika uvimbe huo protini iitwayo KIT huwa na hitilafu, ikafanya chembe za mwili zizaliane ovyo. Mwaka 2000 mgonjwa mmoja huko Ufini alipewa imatinibu, dawa inayoizuia protini hiyo, na uvimbe ukanywea. Tangu 2015 dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Ni vidonge vya kumeza kila siku, pamoja na chakula na maji mengi. Mgonjwa asiviache kwa kuwa amepata nafuu. Uvimbe huweza kukua tena. Wala havifai saratani zote. Ndiyo maana daktari huchukua kinyama kidogo cha uvimbe, kikapimwe maabara.

Basi, ndugu yetu akipata choo cheusi kama lami, akipungukiwa damu, au akihisi uvimbe tumboni, tusimnyweshe dawa za vidonda vya tumbo miezi na miezi. Tumwombee, na tumsindikize hospitali mapema.