Boila ya Gesi Inapojizima Mara kwa Mara: Onyo la Kutopuuza

Katika nyumba nyingi za Uingereza, boila ya gesi ndiyo inayopasha moto maji ya kuoga na kusambaza joto katika vyumba vyote. Inapojizima usiku wa baridi, kaya nzima hutaabika, hasa watoto wachanga, wazee na wagonjwa. Ndipo wengi huiwasha tena na tena bila kuuliza kwa nini imezimika. Kipeperushi hiki kinaeleza sababu za hali hiyo, mambo unayoweza kuyakagua mwenyewe, na dalili zinazokutaka utoke nje bila kuchelewa.

Kwa nini boila hujizima

Ndani ya boila mna vifaa vya usalama. Kimoja hutambua kama mwali umewaka. Usipowaka, gesi hufungwa ili isitoke bila kuungua. Kingine hupima joto la maji ili yasichemke kupita kiasi. Kingine huangalia kama hewa chafu inatoka nje ya nyumba ipasavyo. Kifaa chochote kikigundua hitilafu, boila husimama, na mara nyingi huonyesha taa nyekundu au namba ya hitilafu. Kwa hiyo kujizima ni onyo. Anayeiwasha upya kila mara hunyamazisha onyo hilo, lakini haondoi hatari.

Kwanza, hakikisheni mko salama

Gesi isipoungua vizuri hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Sumu hii haina rangi wala harufu, na huweza kuua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, kukosa pumzi na kuchanganyikiwa. Hufanana na mafua makali, lakini kwa kawaida hazina homa. Shukuni zaidi iwapo watu kadhaa nyumbani wanaugua kwa pamoja, au mtu anapata nafuu akitoka nje na kuugua tena akirudi.

Boila nayo huweza kuonyesha dalili: mwali wa manjano badala ya buluu, masizi au madoa meusi kwenye boila au ukutani, na unyevu mwingi usio wa kawaida madirishani.

Mkiona dalili hizi, au king'ora cha kaboni monoksaidi kikilia, zimeni boila, fungueni milango na madirisha, tokeni nje wote, kisha pigeni simu 0800 111 999. Namba hii ya dharura ya gesi ni ya bure na hupokelewa saa 24. Mtu akizimia au akishindwa kupumua, pigeni 999. Msirudi ndani mpaka mwambiwe kuwa ni salama.

Mkisikia harufu ya gesi, fungueni milango na madirisha, msiwashe moto, na msiguse swichi yoyote ya umeme. Tokeni, kisha pigeni namba hiyohiyo ya dharura mkiwa nje.

Mambo manne ya kukagua mwenyewe

Kama hakuna dalili yoyote ya hatari, kagua yafuatayo bila kufungua kifuniko cha boila:

1. Gesi na umeme. Je, mita ya kulipia kabla ina salio? Jiko la gesi linawaka? Taa za nyumba zinawaka?

2. Kidhibiti joto na saa. Huenda betri zimekwisha, au saa imepangwa vibaya baada ya umeme kukatika.

3. Presha ya maji. Katika boila nyingi, mshale wa geji huwa kati ya bar 1 na bar 1.5 mfumo ukiwa umepoa. Ukiwa chini ya hapo, maji yamepungua. Kitabu cha maelekezo hueleza namna ya kuongeza. Kama huna uhakika, mwite fundi. Presha ikishuka tena na tena, pengine maji yanavuja mahali fulani.

4. Bomba la maji machafu ya boila. Boila nyingi za kisasa humwaga maji kupitia bomba jembamba la plastiki linalotoka nje. Katika baridi kali maji hayo huganda, na boila huweza kutoa mlio wa kubwabwaja kisha ikazima. Ikiwa bomba lipo karibu na ardhi, mwagia juu yake maji ya uvuguvugu, kamwe si yanayochemka. Usipande ngazi.

Baada ya hapo, washa upya mara moja kwa kufuata kitabu cha maelekezo. Ikijizima tena, iache. Andika namba ya hitilafu umsomee fundi.

Nani atengeneze, na nani alipe

Kwa mujibu wa sheria, kazi ya gesi hufanywa na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register pekee. Mwombe kitambulisho na usome pande zote mbili. Upande wa nyuma hutaja kazi anazoruhusiwa kufanya. Jamaa au jirani mwenye ujuzi, hata awe na nia njema, asifungue boila ikiwa hajasajiliwa.

Ukiwa mpangaji, kwa kawaida matengenezo ya boila ni wajibu wa mwenye nyumba. Anapaswa pia kuhakikisha vifaa vyake vya gesi vinakaguliwa kila mwaka, na kukupa nakala ya cheti ndani ya siku 28 tangu ukaguzi. Tangu Oktoba 2022, chumba cha kuishi chenye boila ya gesi katika nyumba ya kupanga lazima kiwe na king'ora cha kaboni monoksaidi. Mwandikie ujumbe na uutunze. Asipochukua hatua, ieleze idara ya makazi ya halmashauri yenu.

Wakati wa kumsubiri fundi

Kaeni pamoja katika chumba kimoja, mvae nguo kadhaa nyepesi moja juu ya nyingine, na mnywe vinywaji vya moto. Msilete jiko la mkaa ndani, wala msiwashe jiko la kupikia ili kupata joto. Mkaa uliozoeleka uani au barazani, ambako hewa hupita, hutoa sumu ileile ya kaboni monoksaidi katika nyumba iliyofungwa madirisha.

Kwa ushauri wa afya usio wa dharura, piga simu 111 na uombe mkalimani wa Kiswahili.