Busia: Mizani ya kampeni ya afya ni dumu la maji

Miji ya mpakani imezoea kampeni za afya. Kipindupindu kikizuka upande mmoja, vipaza sauti husikika sokoni, vipeperushi hugawiwa kwenye foleni ya malori na ndoo za kunawia mikono hupangwa langoni. Wiki chache baadaye hutolewa taarifa kwamba maelfu ya watu wamefikiwa. Kinachobaki bila jibu ni wangapi kati yao walibadili chochote nyumbani.

Kwa wanaoishi kwa biashara ya mpakani, jibu hilo lina thamani ya fedha taslimu. Mtoto akiharisha, mama hukosa siku ya soko. Ugonjwa ukienea, vibanda vya chakula hufungwa kwanza na ukaguzi mpakani huchukua muda mrefu zaidi. Kampeni isiyofanya kazi ni hasara inayolipwa mara mbili: na walioigharimia, na wafanyabiashara waliodhani wamekingwa.

Busia ya Kenya, inayopakana na mji wa Uganda wenye jina hilohilo, ni miongoni mwa maeneo ya Afrika Mashariki ambako swali hili limechunguzwa kwa makini zaidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wachumi Michael Kremer na Edward Miguel pamoja na wenzao walifuatilia huko miradi ya afya, wakilinganisha shule na vijiji vilivyopata huduma na vile vilivyosubiri zamu yao. Mwaka 2019, Kremer alikuwa mmoja wa watu watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wa aina hiyo.

Bei ndogo, pengo kubwa

Mradi wa kwanza ulihusu dawa za minyoo katika shule 75 za msingi, kuanzia mwaka 1998. Dawa ilitolewa bure, na walimu walifundishwa kuwaeleza wanafunzi umuhimu wa usafi, kuvaa viatu na kuepuka maji yenye kichocho. Baadaye baadhi ya shule zilitakiwa kuchangia gharama, kwa wastani wa takriban senti 30 za dola kwa mtoto. Pale ilipokuwa bure, asilimia 75 ya watoto walitibiwa. Pale palipokuwa na mchango, idadi ilishuka chini ya asilimia 20. Nayo masomo ya usafi, yalipopimwa kwa mwenendo wa watoto wenyewe, hayakuonyesha mabadiliko: usafi na uvaaji wa viatu ulibaki kama ulivyokuwa.

Mfanyabiashara yeyote anaweza kuuliza: je, kitu cha bure si hudharauliwa? Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilijaribu hilo magharibi mwa Kenya kwa vyandarua katika kliniki za wajawazito. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40 za Kenya, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Watafiti walipokwenda nyumbani kuangalia, waliopewa bure walikuwa wamevitundika sawa na walionunua.

Klorini karibu na chemchemi

Mradi mwingine ulikuwa wa kujengea chemchemi za maji. Uchafu ulipungua kwa takriban theluthi mbili kwenye chanzo, lakini katika maji yaliyopimwa nyumbani ulipungua kwa karibu robo tu. Maji yalikuwa yakichafuka tena njiani na katika vyombo. Mkandarasi angepimwa kwa chemchemi alizojenga, angepata alama zote. Mama mwenye dumu angempa chache.

Klorini hukinga maji hata baada ya kutekwa, na ilikuwa ikiuzwa madukani kwa jina la WaterGuard. Chupa ya kutosha takriban mwezi iliuzwa kwa shilingi 20 hivi, na watu wengi walishaisikia. Hata hivyo, waliokuwa wakiitumia ni takriban kaya moja kati ya kumi. Ndipo lilipowekwa tangi dogo la klorini kando ya chanzo cha maji. Mtekaji anageuza valvu mara moja, kipimo cha dumu la lita 20 kinashuka, kisha anajaza maji na kwenda zake. Mwanakijiji aliyechaguliwa na majirani hulijaza tangi na kuwakumbusha wenzake. Huduma ilikuwa bure, na watumiaji walizidi nusu ya kaya. Baadaye matangi hayo yalivuka mpaka hadi Uganda, na yakafika Malawi.

Idadi hiyo haikupatikana kwa kuuliza, kwani mgeni akiuliza kama maji yametiwa dawa, wengi hujibu ndiyo kwa heshima. Watafiti walichota maji kwenye chombo cha nyumbani na kuyapima kama yana klorini.

Ushindi usiodumu wenyewe

Haikuishia hapo. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha zaidi ya wajawazito 8,000 wa Bungoma, Kakamega na Vihiga, matangi kama hayo hayakupunguza kuhara kwa watoto. Klorini ilikutwa katika chini ya nusu ya kaya mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili ikapungua zaidi. Bangladesh, ambako utafiti pacha ulifanywa, wahamasishaji walizitembelea kaya mara kadhaa kwa mwezi na kuhara kulipungua katika sehemu kubwa ya makundi. Kenya walifika takriban mara moja kwa mwezi. Tofauti hiyo ya ziara ni mojawapo ya sababu zilizotajwa na watafiti.

Hilo halimaanishi klorini ni bure. Uchambuzi wa Kremer na wenzake, uliojumlisha majaribio kadhaa ya kutibu maji, umekadiria kwamba kutibu maji hupunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban robo. Dawa ni ileile. Kazi ngumu ni kuhakikisha inaingia katika dumu leo, mwezi ujao na mwaka ujao.

Kwa hiyo kampeni ijayo ikifika sokoni, vyama vya wafanyabiashara vya pande zote mbili vina haki ya kuuliza maswali manne kabla ya kuikaribisha. Bidhaa itamgharimu mtumiaji kiasi gani? Ataifuata umbali gani? Nani atarudi kuijaza baada ya mabango kuondolewa? Na nani atakwenda kupima maji nyumbani na vibandani, badala ya kuhesabu vipeperushi vilivyogawiwa?