Njia ya Kongo na Naili: Barabara Iliyoachiwa Baiskeli

Magharibi ya Rwanda, baina ya mji wa Rubavu ulioko kaskazini na Rusizi ulioko kusini, ipo njia ya changarawe yenye urefu wa kilometa 227 ambayo haihitaji askari wa usalama barabarani. Njia hiyo hupanda na kushuka vilima vinavyolitazama Ziwa Kivu, ikapita katika mashamba ya kahawa na chai, chini ya mikaratusi, kando ya vijiji vya wavuvi, na pembezoni mwa mabaki ya misitu ya asili. Gari ni jambo la nadra huko. Pikipiki hupita mara moja moja, na baada ya hapo husikika sauti za kuku, za majembe, na za mnyororo wa baiskeli. Serikali ya nchi hiyo jirani ilianza kuitangaza mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa jina la Njia ya Kongo na Naili. Mtu wa miguu huhesabiwa siku kumi kuimaliza, na mwenye baiskeli siku tano hivi.

Yafaa msomaji aelewe kwanza jina hilo limetoka wapi. Juu ya ziwa umesimama mgongo wa milima ambao vilele vyake kadhaa hupita meta 2,500, na mgongo huo ndio unaoyagawa maji ya Afrika. Tone la mvua linaloanguka upande wa magharibi huingia Ziwa Kivu, hushuka na Mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika, kisha hufuata Mto Lukuga na Mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Tone jirani yake, lililoanguka hatua chache tu upande wa mashariki, hufuata Nyabarongo na Akagera hadi Ziwa Viktoria, likapita kwetu Jinja na kwenda zake Misri. Ziwa Kivu lenyewe liko meta 1,460 juu ya usawa wa bahari. Njia ya baiskeli haivipandi vilele vile. Huyakata mabega ya milima, ikateremka bondeni kuvuka kijito, ikapanda tena. Mwendeshaji akiliona daraja la magogo mbele yake na ajue kwamba mlima unamngoja ng'ambo.

Sababu ya utulivu huo si muujiza. Barabara ya lami inayoziunganisha Rusizi, Karongi na Rubavu ilipokamilika, malori na mabasi yalihamia huko, kwani hakuna dereva mwenye akili timamu atakayependa kuvunja springi kwenye mawe hali lami ipo. Njia za zamani za kando ya ziwa zikabaki kwa waenda kwa miguu, wenye ng'ombe, na wenye baiskeli. Katika nchi nyingi barabara iliyokwisha kupata ndugu yake wa lami husahauliwa, ikaota majani, ikachukuliwa na maji. Wenzetu waliweka vibao, wakaipa jina, na wakaiandika katika ramani za wageni. Gharama ya kibao na rangi si kitu mbele ya gharama ya kilometa moja ya lami.

Mchezo wenyewe wa kuendesha baiskeli katika changarawe si mgeni hata kidogo kwa wakulima wetu, ila huko ng'ambo umepata jina na zawadi hivi karibuni. Mwaka 2006 watu 34 walikusanyika Emporia, katika jimbo la Kansas, Marekani, wakashindana mwendo wa maili 200 katika barabara za changarawe; shindano hilo leo huvuta maelfu. Mwaka 2022 chama cha baiskeli cha dunia kiliandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa changarawe nchini Italia. Kenya ilikwisha kuanza mbio zake katika Maasai Mara mwaka 2021. Na Rwanda, kwa upande wa lami, ilipokea mashindano ya ubingwa wa dunia mjini Kigali kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, ikiwa ni mara ya kwanza kufanyika Afrika. Katika mbio za wanaume za kilometa 267.5 ni waendeshaji 30 tu waliofika mwisho. Vilima vya Rwanda havimheshimu mtu kwa sababu ya jina lake.

Baiskeli inayofaa huko ina tairi pana, milimeta 40 au zaidi, na upepo usiojazwa hadi tairi ikawa gumu kama jiwe. Hapa wengi wetu tumelelewa katika imani kwamba tairi iliyojaa sana ndiyo iendayo kasi. Kwenye lami pana ukweli fulani. Kwenye changarawe tairi gumu huruka kila kijiwe, na kila mruko ni nguvu iliyopotea na mkono uliochoka. Tairi iliyolegezwa kiasi hulikumbatia jiwe na kupita. Gia za kupandia nazo ziwe nyepesi kabisa, yaani gurudumu la meno la nyuma liwe kubwa kulishinda la mbele, la sivyo mtu atashuka na kusukuma. Kusukuma si aibu. Nimewaona vijana wa huko wenye misuli kama ya mabondia wakisukuma, wala hakuna aliyewacheka.

Wanajeshi tuna historia yetu katika jambo hili, na msomaji ataniwia radhi nikiigusa. Mwaka 1897 askari 20 weusi wa Kikosi cha 25 cha Marekani, chini ya Luteni James Moss, walisafiri kwa baiskeli kutoka Missoula, Montana, hadi St. Louis, Missouri, mwendo wa kilometa kama 3,000, wakafika katika siku 41. Walipita katika theluji, mchanga na tope lililonata hata magurudumu yakakataa kuzunguka, na kila mmoja amebeba bunduki na hema lake. Jeshi la Uswisi, nchi ya milima tupu, lilianza kuwa na askari wa baiskeli mwaka 1891, na likavivunja vikosi hivyo mwaka 2003 tu. Huko Vietnam, katika vita vya Dien Bien Phu mwaka 1954, wachukuzi walizikaza fremu za baiskeli kwa mianzi na kusukuma mizigo iliyopita kilo 200 katika vijia vya msituni ambavyo gari lisingethubutu.

Hayo ya Vietnam yananirudisha Kivu, kwa maana mgeni anayekwenda kule kujifurahisha hukutana kila saa na mtu ambaye baiskeli kwake ndiyo riziki. Ng'ambo ya mpaka, mjini Goma, chombo cha mizigo ni chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, na upande wa Rwanda pia vyombo vya mbao vya namna hiyo vimeteremsha viazi na kuni kwa miaka mingi. Baiskeli za chuma hubeba ndizi, maziwa, magodoro, na abiria. Sisi Waganda hatuna haki ya kushangaa: neno bodaboda lilizaliwa kwetu Busia, mpakani na Kenya, wakati chombo kilipokuwa baiskeli na wala si pikipiki. Mmarekani mmoja mtengenezaji wa fremu, Tom Ritchey, alipozuru Rwanda mwishoni mwa mwaka 2005, aliona shida ya mkulima wa kahawa: tunda likishachumwa halina budi lifike kiwandani siku hiyo hiyo likamenywe na kuoshwa, vinginevyo huanza kuchacha na bei ikaanguka. Akabuni baiskeli yenye mkia mrefu wa kupakia magunia. Katika mteremko wa Kivu, mahali ambapo kiwanda cha kuoshea kahawa kiko chini ziwani na shamba liko juu, saa mbili zinazookolewa ni fedha.

Kijana mmoja niliyemkuta akipumzika kando ya magunia yake aliitazama baiskeli yangu, akainyanyua kwa mkono mmoja, akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Rubavu, "Afande, hii hubeba nini?" Nikamjibu kwamba hunibeba mimi. Akaitikia kwa adabu, lakini uso wake haukuridhika. Swali lake ni la haki. Njia hii itakuwa na maana kwa wenyeji ikiwa mgeni atalala kwao, atakula kwao, na atatengenezewa spoki iliyokatika na fundi wa kwao. Akija na chakula chake kutoka Kigali na gari la kumfuata nyuma, atakuwa amewaachia vumbi tu.

Hatari kubwa haiko katika kupanda. Kupanda huchosha, kuteremka huua. Mnamo tarehe 27 Agosti 2022 Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani na mmoja wa waendeshaji waliokuwa wakifungua njia kwa vijana wa Afrika ya Mashariki, alifariki baada ya kuanguka katika mwendo wa kasi kwenye mbio za changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa mtu wa kazi hiyo, na ilimchukua. Katika njia ya Kivu changarawe hujilimbikiza penye kona, nayo huteleza kama mtama uliomwagika sakafuni. Breki zifungwe kabla ya kona, wala zisifungwe ndani yake. Uzito urudishwe nyuma ya tandiko. Na macho yatazame mbali, si kwenye gurudumu. Penye kona kuna uwezekano wa kukutana na mtoto, mbuzi, au mama mwenye ndoo kichwani, na hao ndio wenye njia.

Na iko hatari isiyomhusu mgeni peke yake. Msitu wa Gishwati, ulioko juu ya njia upande wa kaskazini, katika miaka ya 1970 ulikuwa na hekta kama 28,000. Malisho, mashamba, na makazi ya watu waliorejea baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 viliukata hadi ukabaki na hekta kama 600 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Milima ikaporomoka, Mto Sebeya ukafurika, na zaidi ya watu 130 wakafa, wengi wao wakiwa wamelala. Wilaya za Rutsiro, Karongi na Rubavu, ambamo njia hii inapita, zilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Serikali ilikwisha kuufanya msitu huo, pamoja na ule wa Mukura, kuwa hifadhi ya taifa, na miti inapandwa upya. Mwendeshaji anayepita chini ya mteremko wenye miti huona kijito cha maji maangavu. Akipita chini ya mteremko uliolimwa hadi kileleni hukuta tope limekata barabara.

Kwetu Kigezi tunavyo vilima hivyo hivyo, pamoja na Ziwa Bunyonyi, msitu wa Echuya, na njia kuukuu ambazo magari yamezikimbia tangu barabara ya Kabale hadi Kisoro iwekwe lami. Baiskeli hazikosekani. Vibao ndivyo vilivyokosekana, na mtu wa kuamua njia ipi ianzie wapi na iishie wapi.

Kwa atakayependa kwenda kujionea, mpaka wa Katuna uliofungwa mwaka 2019 ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, na raia wa Uganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Aiulize idara ya uhamiaji hali ya Rubavu kabla ya kuondoka, kwa kuwa mji huo unapakana na Goma. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mikavu. Kuanzia Machi hadi Mei udongo hunata kama ugali. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi asisafiri, kwani wananchi wote wako katika umuganda, kazi ya pamoja, nayo njia husimama hadi saa tano. Na atakapotoka kwenye changarawe na kuingia lami, akumbuke kwamba Rwanda huendesha mkono wa kulia.