Dakika Sita Baada ya Kuruka

Tarehe 10 Machi 2019 ndege mpya ya Ethiopian Airlines, aina ya Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Hali ya hewa ilikuwa shwari. Baada ya dakika 6 ilianguka, na watu wote 157 waliokuwamo walifariki.

Kifaa kinachopima mwinuko wa pua ya ndege dhidi ya upepo kilitoa kipimo cha uongo. Programu ya kompyuta, ikitegemea kipimo hicho kimoja, iliikandamiza pua chini tena na tena huku marubani wakihangaika kuiinua. Oktoba 2018 ndege ya aina hiyohiyo ilikwishaanguka Indonesia kwa hitilafu kama hiyo. Kwetu sisi, hilo ndilo zito kuliko yote.

Abiria hawezi kukagua kompyuta. Lakini katika safari ya kimataifa familia yake, hata ikiwa Kimali, hulindwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, ulioridhiwa na Tanzania. Kipande cha kuanzia Mwanza huhesabiwa pia, iwapo safari nzima ilikatiwa kuwa moja. Shauri la fidia lifunguliwe ndani ya miaka 2. Muda huo ukipita, haki hupotea. Kabla ya kuondoka, waachie wa nyumbani nakala ya tiketi.