Kiyoruba: Lugha Isiyosomeka Vyema Bila Toni

Kiyoruba, lugha ya watu zaidi ya milioni 40 kusini-magharibi mwa Nigeria na katika nchi za Benin na Togo, ni ndugu wa mbali wa Kiswahili. Zote mbili zimo katika familia ya Niger-Kongo, na udugu huo bado unasikika: “tatu” yetu kwao ni ẹ̀ta. Ila kila moja ilishika njia yake. Kiswahili kilihifadhi ngeli kikaacha toni; Kiyoruba kilihifadhi toni, ngeli zikamomonyoka.

Toni zake ni tatu: ya juu, ya kati na ya chini, nazo ndizo zinazoamua maana. Ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha kusafiria, na ọ̀kọ̀ ni mkuki.

Waislamu walitangulia kuiandika lugha hii kwa herufi za Kiarabu. Maandishi ya Kilatini yalikomaa Freetown, Sierra Leone, walikopelekwa mateka waliookolewa na manowari za Uingereza kutoka merikebu za watumwa. Huko watu wa makundi ya Oyo, Egba na Ijebu waliishi pamoja, na jina “Yoruba”, ambalo awali liliwahusu zaidi watu wa Oyo, likaanza kuwakusanya wote. Mmoja wao alikuwa Samuel Ajayi Crowther, aliyetekwa akiwa kijana mwaka 1821 na kukombolewa mwaka uliofuata. Mwaka 1843 alichapisha msamiati wa lugha yake, kisha akaongoza tafsiri ya Biblia. Lahaja ya Oyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya Kiyoruba sanifu. Mwaka 1859 gazeti la Kiyoruba, Iwe Irohin, lilianza kutolewa katika mji wa Abeokuta, Nigeria, na mwaka 1938 mwandishi D. O. Fagunwa akachapisha riwaya yake ya kwanza kwa lugha hiyo.

Tahajia ilijadiliwa Lagos mwaka 1875, ikarekebishwa tena miaka ya 1970. Hata hivyo, hadi leo maandishi mengi, hasa ya kwenye simu, huacha alama za toni. Sababu moja ni ya kiufundi: herufi kama ọ́ inahitaji nukta chini na alama juu kwa pamoja, na kibodi nyingi haziirahisishi kazi hiyo. Msomaji hubaki kukisia maana kutokana na muktadha, na mtoto au mgeni anayejifunza hukosa mwongozo wa matamshi. Kwa hiyo kuzifundisha alama hizi shuleni, na kutengeneza kibodi zinazozikubali, ni kuikamilisha kazi iliyoanzia Freetown.