Siku Kumi na Nne na Mbuzi Wenzangu

Kosa lilianzia kwenye simu. Mjomba wangu wa Muheza alinitumia picha ya banda jipya la kuku alilolijenga kwa mikono yake mwenyewe, nami nikataka kumsifu. Hapa Uingereza vijana wakitaka kusema kwamba fulani ni bora kuliko wote waliowahi kutokea, humwita mbuzi, kwa sababu herufi za mwanzo za maneno hayo ya Kiingereza zikiunganishwa zinatoa jina la mnyama huyo. Basi nikamwandikia: "Mjomba, wewe ni mbuzi!" Nikaongeza na makopakopa mawili.

Hakujibu siku nzima. Usiku mama akaniuliza nimemfanya nini kaka yake. Wasomaji mliolelewa ndani ya Kiswahili hamhitaji maelezo: kumwita mtu mzima mbuzi ni kumwambia hana akili. Nilimpigia, nikaomba radhi, nikaeleza habari ya herufi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa. Ukija likizo utawachunga mbuzi wenzako."

Nilidhani ni utani. Likizo ya Pasaka, asubuhi ya pili baada ya kufika, alinikabidhi kamba saba. Ilikuwa masika, mashamba yote yamepandwa, na wakati huo mbuzi hawaachiwi wazurure. Kila mmoja anafungwa mahali pake asiingie kwenye mazao ya watu.

Bibi naye hakunihurumia. Siku hiyohiyo aliniita kutoka jikoni: "Hebu niletee ile mbuzi." Nikaenda bandani, nikarudi namburuta jike mmoja mweusi aliyekuwa anagoma kila hatua. Bibi alikuwa ameshika nazi iliyopasuliwa. Alichotaka ni mbuzi ya kukunia. Alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka wa kwanza tulifundishwa upatanisho wa ngeli hadi tukachoka, na mimi nilikuwa mmoja wa walionung'unika kwamba huko mitaani hakuna anayejali. Angetaka mnyama angesema "yule mbuzi". Mwalimu, kama unasoma hapa, ulikuwa sahihi.

Nilikwenda Muheza na mbuzi wa vitabu vya watoto kichwani, yule anayekula kila kitu mpaka soksi. Si kweli. Mbuzi anachagua sana. Ng'ombe huinama akala nyasi zilizo mbele yake. Mbuzi hutafuta majani machanga ya vichaka, husimama kwa miguu ya nyuma ili alifikie tawi moja tu, na kilichokanyagwa au kuchafuliwa hakigusi. Yule mweusi nilimpa maganda ya ndizi yaliyoangukia matopeni. Akanitazama kwa yale macho yenye mboni zilizolala kama mstari, akageuka akaenda zake. Nikakumbuka wali wa siku tatu ninaokula bwenini, nikaona haya.

Na hawapendi kulowa. Tone la kwanza likidondoka, wote saba wanalia kama wanachinjwa, na usipowahi kuwafungua watakung'olea vigingi. Mimi niliyekulia Leicester, ambako mvua si habari, nilibaki nimesimama nje. Bibi alisema kumbe nilikuwa namsingizia mjomba, maana mbuzi wana akili ya kuingia ndani.

Lakini kitu kilichonikaa zaidi ni kamba. Mama hupenda kusema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, hasa ninapomwomba hela, na mimi nilielewa kwamba maana yake ni kuridhika na ulicho nacho. Ukiwafunga mwenyewe unaona jambo ambalo methali hailitaji: kamba haibaki na urefu wake. Mbuzi huzunguka. Ataizungushia mti, halafu kichaka kilicho karibu na mti, na ikifika saa tano ile kamba ya hatua nane imebaki kama mkono mmoja. Amesimama, pua kwenye shina, analia, na majani tele yako nyuma yake. Akivuta, inazidi kukaza. Hafikirii kurudi alikotoka. Kwa hiyo kuchunga si kukaa kivulini na simu kama nilivyotarajia, bali ni kupita mara kwa mara na kumzungusha kila mmoja kinyumenyume.

Naomba niseme wazi kwamba Kiswahili changu kilikuwa hivyohivyo. Nikikosa neno nilizunguka, "kile kitu", "ile nini", nikirudi kwenye maneno yaleyale ninayoyajua tangu utotoni, na kila mzunguko ukinibana zaidi, mpaka nikahamia Kiingereza. Hapa chuoni watu huniokoa haraka kwa kunimalizia sentensi. Bibi hakunimalizia. Alisubiri, kisha akasema, "Rudi nyuma. Anza tena." Mara ya kwanza nilikasirika.

Kamba zenyewe ni za katani, na mkoani Tanga usiiseme vibaya katani. Ililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yake yakaubadilisha mkoa. Ni kamba imara, inachubua viganja, na haimsamehe asiyejua kufunga fundo.

Siku ya tisa fundo langu lilifunguka. Yule mweusi akaingia kwenye muhogo wa jirani, na nilipomkuta alikuwa ameshamaliza kona nzima ya miche michanga. Jirani ni mzee anayeishi peke yake. Muhogo ule ndio chakula chake, na kidogo huuza. Nilimwomba mjomba aende kuniombea msamaha. Akakataa. "Nani alifunga?"

Njiani niliitunga sentensi safi ya darasani: "Ninasikitika kukujulisha kwamba kumetokea uharibifu." Nilipofika nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha barazani, akauliza safari, akauliza mama, akauliza baridi ya Ulaya. Robo saa ikapita na uharibifu wangu bado uko mdomoni. Mwishowe nikasema tu, "Babu, mbuzi amekula muhogo wako. Mimi ndiye niliyefunga vibaya. Nisamehe."

Alikaa kimya. "Kona ipi?"

Nikamwambia.

"Lete kamba."

Nilidhani anataka kunichapa. Alinionyesha fundo, mara tatu, polepole, kisha akanipa nifunge mwenyewe. Kesho yake nilipanda pingili ishirini za muhogo kwenye kona ile, yeye akielekeza kwa mkongojo wake na kunisahihisha ngeli bila kubadilisha sauti. Muhogo huchukua miezi tisa au zaidi, kwa hiyo deni bado halijaisha.

Tangu nirudi nimesoma kwamba watafiti wa Queen Mary University of London waliwaonyesha mbuzi wa hifadhi moja ya Kent picha za nyuso za watu, zenye tabasamu na zenye hasira, na mbuzi wakazielekea zaidi zile zenye tabasamu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2018. Huenda basi wanaosema kumshauri mkaidi ni kumpigia mbuzi gitaa wanamwonea mbuzi. Mimi nilimwimbia yule mweusi kila asubuhi. Sidhani alifurahi, ila hakuondoka. Ni kweli alikuwa amefungwa.

Wiki iliyopita mjomba alituma picha ya ile kona. Pingili kumi na saba zimechipua vizuri. Nikauliza tatu zilizobaki zimepatwa na nini.

"Zimeliwa," akaandika.

Nikauliza siku hiyo nani alifunga kamba. Alama mbili zikageuka bluu, akakaa kimya mpaka usiku. Kisha likaja jibu:

"Mbuzi mwenzako."